Hotpoti, unga wa muhogo na mate: nilivyofundisha vimeng'enya hapa Moshi

Ukimweleza mwanafunzi wa uuguzi kwamba kimeng'enya ni protini yenye umbo maalumu, atakariri. Akiona mate yake mwenyewe yakila wanga, ataelewa. Jaribio hili nimelifanya bila maabara ya maana, na naandika vipimo vyake kwa sababu huharibikia kwenye vitu vidogo sana.

Wanga: gramu 2 za unga wa muhogo kwa mililita 200 za maji. Koroga kwanza na maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka, pika dakika 3 hivi, chuja kwa kitambaa, acha upoe. Usiruke kupika. Punje za wanga mbichi zimefungamana, na mate huzikata polepole mno.

Iodini, inayoonyesha wanga kwa rangi ya bluu-nyeusi, nimetumia ile ya kahawia ya kusafishia vidonda, inayouzwa duka la dawa. Izimue kwa maji hadi ifanane na chai ya rangi nyepesi.

Kwa joto la mwili, hotpoti ya chakula inatosha kabisa. Changanya maji ya moto na ya bomba hadi nyuzi 38, ingiza testi tyubu zikiwa wima ndani ya kikombe, funika. Kipimajoto cha homa cha dijitali kinafaa kuhakiki. Cha zebaki usikiweke kwenye maji ya moto, kitapasuka.

Mate: suuza kinywa vizuri, hasa kama mtu ametoka kunywa soda, maana sukari yake itavuruga kipimo cha mwisho. Chukua mililita 1, ongeza 9 za maji. Kila mtu ashike mate yake tu. Vyombo baadaye viloweke kwenye maji yenye jiki kisha uvisuuze mara kadhaa, kwani mabaki ya jiki yataharibu protini ya kundi linalofuata.

Kila testi tyubu ina mililita 4 za wanga. Ya kwanza inapata maji badala ya mate. Ya pili mate ya kawaida. Ya tatu mate yaliyochemshwa dakika 10 na kupozwa. Maji ya Moshi huchemka kwenye nyuzi 97 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini zinatosha. Ya nne inakaa kwenye barafu. Ya tano inatiwa mililita 1 ya siki kabla ya mate, na zile nyingine mililita 1 ya maji ili ujazo ulingane. Mate ni mililita 1 kote. Kila dakika, tone moja kwenye sahani nyeupe, juu yake tone la iodini.

Ile ya pili ndiyo ya kuitazama kwa makini. Bluu-nyeusi inageuka zambarau, kisha kahawia yenye wekundu, mwisho inabaki rangi ya iodini yenyewe. Iodini huingia ndani ya mnyororo wa wanga uliojisokota; amilesi, yaani kimeng'enya cha mate, inapoukata vipandevipande, hakuna pa kuingia. Wanafunzi hutofautiana sana kwa kasi, kwa kuwa idadi ya nakala za jeni ya amilesi ya mate si sawa kwa watu wote. Rangi ikipotea ndani ya nusu dakika, zimua mate zaidi.

Sasa makosa. Ukipima wanga ukiwa bado moto, bluu hupotea yenyewe, na mwanafunzi ataandika kwamba mate yaliyochemshwa yamefanya kazi. Poza, rangi itarudi. Kwenye barafu, poza wanga na mate kila kimoja peke yake kabla ya kuchanganya, la sivyo kazi kubwa itafanyika kabla baridi haijafika.

Kosa baya kuliko yote ni kutumia limau badala ya siki. Vitamini C huondoa rangi ya iodini, basi darasa zima huamini kwamba amilesi hufanya kazi vizuri kwenye asidi ya tumbo. Nilionyesha hili kwa kukamulia limau kwenye wanga usio na mate kabisa: weupe uleule. Hapo ndipo walipoacha kuiona ile testi tyubu ya kwanza kuwa ya kujaza nafasi.

Kisha Benedikti, kimiminika cha bluu cha kupimia sukari: mililita 2 kwa mililita 1 ya mchanganyiko, kwenye maji yanayochemka dakika 5. Ile ya pili inakwenda kijani, njano, hadi wekundu wa tofali. Karibu wote huandika "glukosi". Hapana. Amilesi ya mate hutoa hasa maltosi, sukari ya glukosi mbili zilizoungana, nayo pia hubadili rangi ya Benedikti. Glukosi hupatikana zaidi kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, ambako kimeng'enya kingine, maltesi, huigawa maltosi kuwa glukosi mbili. Nasisitiza hili kwa sababu baadaye ndipo wanapochanganya umeng'enyaji na ufyonzwaji.

Mwisho, hamishia ya barafu na ya mate yaliyochemshwa kwenye hotpoti, ukiongeza maji ya moto yarudi nyuzi 38. Ile ya barafu itaanza kupoteza bluu. Nyingine itabaki bluu-nyeusi hata ukisubiri nusu saa.