Mabawa ya njiwa au ya tai?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imetoka kwa mtoto, mi nimeipokea tu. Jumapili iliyopita nilikuwa na watoto wa sandei skuli, tunasoma uumbaji, tumefika siku ya tano pale Mungu anapoumba ndege, basi mmoja wa kama miaka saba hivi akanyoosha mkono, "Mwalimu, kwa nini sisi hakutupa mabawa?" Kabla sijafungua mdomo mwenzake akadakia, "Si tunapanda ndege!" Darasa zima likaangua kicheko na mimi nikacheka nao, manake Kiswahili chetu nacho kimewaita wote jina moja, wa manyoya ndege na wa injini ndege. Ila aliyeuliza hakucheka. Alikuwa amenyoosha mikono yake miwili anaiangalia, kushoto, kulia, kama fundi anayepima mbao kama itatosha.

Haitoshi. Nimesoma wiki nzima na jibu ndo hilo, tena wala si suala la mazoezi. Siku ukila kuku angalia mfupa wa kidari, una ukingo umechomoza mbele kama mkuku wa jahazi, pale ndo inaposhika misuli ya kupigia mabawa, na kwa ndege anayeruka vizuri kama njiwa misuli ya kifua peke yake inakaribia moja ya tano ya uzito wake wote. Sisi kifua ni bapa, nguvu zetu nyingi ziko mapajani. Mifupa mingi ya ndege ina uwazi ndani, mapafu yake yameungana na vifuko vya hewa, na hewa inapita kwenye mapafu upande mmoja tu, haigeuzi kurudi ilikotoka kama yetu. Alafu unyoya! Niliokota mmoja nje nikakaa nao mezani, nikaupasua kwa kucha ukaachana, nikaupitisha taratibu katikati ya vidole viwili ukajifunga tena kama zipu, huoni hata ulipokuwa umepasuka. Ni vindoano vidogo mno, macho hayavioni, vinashikana. Nimefungua na kufunga ule unyoya nadhani mara thelathini, chai ikapoa.

Na uzito je. Ndege wazito kabisa wanaoruka leo, kama tandawala mkubwa, wanafika kilo 18 au 19 hivi na hapo ndo mwisho, na tandawala mwenyewe sehemu kubwa ya siku anatembea kwa miguu, kuruka ni mpaka abanwe. Wewe una kilo ngapi?

Wenye ubishi wamejaribu lakini. Mtaliano mmoja, Giovanni Borelli, kitabu chake kilichapishwa 1680, alishapiga hesabu akasema misuli ya binadamu haiwezi. Mwaka 2010 huko Kanada kijana wa Chuo Kikuu cha Toronto, Todd Reichert, aliruka kwa chombo chenye mabawa ya kupiga kweli kweli, anakisukuma kwa miguu, upana wa mabawa mita 32, karibu sawa na Boeing 737, na uzito wa chombo kilo 45 hazifiki. Gari likakivuta kikaachia ardhi, akabaki na miguu yake. Sekunde 19.3, mita 145, basi. Kabla yake, 1988, Mgiriki Kanellos Kanellopoulos alikanyaga pedeli zinazozungusha propela akatoka kisiwa cha Krete (ndiyo, Krete ileile ya Tito) mpaka Santorini, kilomita 115, karibu saa nne za kukanyaga bila kupumzika, alafu upepo ukamvunjia chombo akaanguka majini mita chache tu kabla ya ufukwe. Aliogelea akatoka. Nampenda sana huyu mtu. Ila hata yeye hakupiga mabawa.

Sasa nikarudi kwenye Neno, nikagundua kitu ambacho miaka yote nilikuwa nakipita. Katika Zaburi 55 Daudi anatamani mabawa, anasema laiti angekuwa na mbawa kama njiwa angeruka akaenda mbali jangwani akapumzike. Ukisoma mbele unaona kwa nini, amesalitiwa na rafiki, mtu waliyekuwa wakienda naye nyumbani mwa Mungu. Yaani ni mabawa ya kukimbia. Na nani kati yetu hajawahi kuyaomba hayo, usiku, umelala chali unaangalia dari? Daudi hakupewa. Mwisho wa zaburi bado yuko palepale, amemtwika Bwana mzigo wake, ila hajatoka.

Alafu Isaya 40:31, huu tunaukariri wote, wao wamngojeao Bwana watapanda juu kwa mbawa kama tai. Hapo ni tai, si njiwa. Na hawa wawili hawaruki namna moja kabisa. Njiwa anapiga mabawa safari nzima, ni mashine ya misuli. Tai na jamaa zake wakubwa wasingeweza hivyo siku nzima, miili ni mizito, wangechoka. Kwahiyo asubuhi unawakuta wametulia mtini, jua limeshatoka na wao wapo tu, ungesema wavivu. Wanangoja ardhi ipate joto, hewa ya moto ianze kupanda, ndipo anajiachia, anatandaza mabawa, anazunguka, anazunguka, na kila mzunguko yuko juu zaidi na hajapiga bawa hata moja. Kondori, ndege wakubwa kama tumbusi wa milima ya Andes huko Amerika Kusini, walifungwa vifaa vya kurekodi, matokeo yakatoka 2020, katika muda wote wa kuruka walipiga mabawa kama asilimia 1 tu, na mmoja alikaa angani zaidi ya saa tano, kilomita 172, bila kupiga.

Sijui Isaya alikuwa amekaa wapi akiwaangalia, ila neno alilochagua kwanza ni "wamngojeao".

(Hapa niungame kidogo. Ile stori ya tai anayefika miaka 40 akapanda mlimani akang'oa mdomo, kucha na manyoya, akakaa siku 150 mpaka vikaota upya, si kweli jamani. Tai asiye na mdomo anakufa njaa, manyoya anabadilisha kidogo kidogo. Mi nimeihubiri mara mbili, nisameheni. Na wasomi wengi wanasema neno la Kiebrania pale linamhusu hata tumbusi, ndo maana Mika anataja upara wake. Wengine mtakasirika, ila tumbusi anapanda juu vizuri sana.)

Kingine, angalia mstari unavyoshuka. Kupanda kwa mbawa, kisha kupiga mbio, kisha kwenda kwa miguu. Ningeandika mimi ningeanza na miguu nikamalizia angani, ndo mahubiri yanavyonoga. Lakini wanaotiwa moyo pale ni watu wa uhamisho wa Babeli, na njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu, ya jua na vumbi, na hakuna aliyeota bawa. Walitembea.

Jumapili nitampa yule mtoto ule unyoya aupasue na kuufunga mwenyewe, nadhani ataelewa kuliko maneno yangu. Kwa upande wangu wiki hii si ya kupaa wala ya kupiga mbio, niko kwenye ile ya tatu, ya miguu, na kuna jambo nalingoja kwa Bwana tangu mwaka jana ambalo siwezi kuliandika hapa. Mniombee.