Namba 14
Leo asubuhi hospitalini, foleni ya daktari. Bibi mmoja, khanga mbili, kashika kikaratasi chake namba 14 hadi kimelowa jasho. Yuko pale tangu saa kumi na mbili. Mara kaingia baba wa suti, funguo za gari kidoleni. Nesi: "Karibu mheshimiwa, pita." Kapita.

"Shikamoo bibi, si zamu yako hiyo?"

"Marahaba mjukuu wangu. Waache, wenye nchi hao."

Wenye nchi! Azimio la Arusha la 1967, imani ya kwanza kabisa: binadamu wote ni sawa. Tuliikariri shuleni, na yule nesi ni wa rika langu.

Kinachoniuma zaidi, hata mimi nilikunja miguu ili baba wa suti apite vizuri.