Kaswende Ambayo Hatukuwa Nayo

Mimba yangu ya kwanza ilitoka. Kliniki ya ile ya pili, kipimo cha kaswende cha VDRL kikasoma chanya, mimi na mume wangu tukachomwa penisilini na kurudi nyumbani hatusemezani. Baadaye kipimo kingine cha kaswende, TPHA, kikatoka hasi. Hakuna aliyetueleza kwa nini vimepingana, na mimba hiyo nayo ilitoka ikiwa imepita miezi minne.

Miezi kadhaa baadaye mguu wa kushoto ulivimba hadi pajani. Ultrasaundi ikaonyesha bonge la damu kwenye mshipa. Bingwa wa magonjwa ya damu aliponiona, alianza kuniuliza habari za mimba kabla ya mguu.

Ugonjwa aliougundua, antifosfolipidi sindromu, ulielezwa London mwaka 1983 na Dkt. Graham Hughes. Kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoshambulia mafuta ya utando wa seli na protini zinazoshikamana nayo, damu ikaganda isipotakiwa: mguuni, kwenye ubongo, hata kwenye kondo la nyuma. Mafuta mojawapo ni kadiolipini, na VDRL hutengenezwa kwa kadiolipini hiyohiyo, ndiyo maana kikasoma chanya bila kaswende. Mume wangu alimwomba daktari arudie sehemu hiyo. Aliporudia, nililia. Vipimo vya kingamwili vilirudiwa baada ya wiki 12, maana kingamwili hizi huweza kupanda kwa muda tu baada ya maambukizi.

Nikaanza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huku INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, ikitakiwa kubaki kati ya 2 na 3. Jirani zangu walinikataza mboga za majani kabisa. Sikuziacha. Vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa, kwa hiyo kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilika: kisamvu au mchicha kila siku kwa kipimo kilekile, siyo sufuria zima Jumapili kisha wiki nzima hakuna. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya duka la dawa, ndiyo niliyoiacha, kwa kuwa ikikutana na warfarini huweza kumwaga damu tumboni.

Tulipotaka mtoto tulimwambia daktari mapema, kwani warfarini inaweza kumdhuru aliye tumboni. Nilihamia sindano za heparini, nayo ya kuzuia damu kuganda, na aspirini ya dozi ndogo. Kila jioni mume wangu alinibana nyama ya tumbo kwa vidole viwili na kunichoma, leo kulia, kesho kushoto, akikwepa alama za buluu za jana.

Binti yetu alizaliwa salama. Hatari ya damu kuganda huwa kubwa zaidi wiki za baada ya kujifungua, kwa hiyo sindano ziliendelea hadi warfarini iliposhika tena. Warfarini haimzuii mama kunyonyesha, nami nilinyonyesha.