Kifo cha mfalme Finrod

Jana jioni, nikiwa ndani ya matatu iliyokwama kwenye foleni ya Barabara ya Thika, nilifika katika kurasa za The Silmarillion, kitabu cha hadithi za kubuni cha J.R.R. Tolkien, zinazosimulia kifo cha Finrod Felagund, na machozi yakanilengalenga mbele ya abiria wenzangu. Huyu ndiye mfalme wa viumbe wasiozeeka ambaye, alipowakuta wanadamu wamelala porini kando ya moto unaozimika, hakuwafukuza, bali aliokota kinubi chao na kuwaimbia hadi wakaamka. Miaka mingi baadaye Beren, mwanadamu ambaye babake aliwahi kumwokoa Finrod vitani, alikuja kuomba msaada kwa ajili ya kiapo cha zamani cha Finrod cha kuisaidia familia hiyo, na raia wakakataa kumfuata mfalme wao. Finrod akavua taji, akalitupa miguuni pake, akaondoka na wafuasi 10 tu. Shimoni mwa Sauron, bwana mwovu aliyewateka njiani, mbwa-mwitu alipomjia Beren, Finrod alikata minyororo yake, akamuua mnyama huyo kwa mikono na meno, naye akafa kwa majeraha. Ule ukimya wa raia wake ndio unaoniuma hata zaidi ya meno ya mbwa-mwitu. Alizikwa juu ya kilima cha kisiwa alichokuwa akikimiliki zamani, na kaburi lake likabaki kijani.