Shule ya kaiti Paje: maliza maswali ukiwa bado Mbeya

Wengi wanaoniuliza kuhusu kaiti wako Njombe, Mafinga, Tukuyu na hapahapa Mbeya, na karibu wote wanaanza na bei. Saa moja ni kiasi gani, kozi nzima kiasi gani, Mtanzania anapunguziwa? Ni maswali halali. Ila mtu wa nyanda za juu ana gharama inayoizidi ada, nayo ni safari. Basi la usiku au TAZARA mpaka Dar, boti mpaka Unguja, daladala mpaka Paje, chumba, chakula, na kazi uliyoiacha nyumbani. Ukifika ukakuta shule ya ovyo, huwezi kusema utarudi wiki ijayo ujaribu nyingine. Anayeishi Dar anaweza. Wewe wa Uyole shule yako uichague kabla hujakata tiketi, kwa simu, na kwa maswali ambayo watu wanaona aibu kuyauliza.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: kaiti ni tiara kubwa ya kitambaa yenye mirija inayojazwa upepo kwa pampu. Kamba zake, za mita 20 na zaidi, zinaishia kwenye fimbo unayoishika mikononi, na fimbo inanasa kwenye mkanda mpana uliouvaa kiunoni. Miguuni una ubao. Upepo unaivuta kaiti, kaiti inakuvuta wewe, na ubao unateleza juu ya maji. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili hataza ya kaiti ya kujazwa upepo mwaka 1984, kaiti ambayo ikianguka majini inaweza kupaa tena. Mwaka 2024 mchezo huu uliingia kwenye Olimpiki, mbio zikafanyika Marseille. Ni mchezo mzuri mno. Sijui kitu kingine kinachomfanya mtu mzima apige kelele za furaha peke yake katikati ya maji.

Swali la pili kwa wingi: kwani lazima Zanzibar? Ziwa Nyasa si lipo? Lipo, na Matema napapenda kuliko fukwe nyingi nilizoziona. Lakini pale milima ya Livingstone inasimama karibu kabisa na maji, na upepo unaopita kwenye milima unakuja kwa mikupuo: unatulia, halafu unarusha. Mjuzi anahangaika nao, sembuse anayeanza. Mtera nako kuna eneo kubwa la maji, lakini kuna mamba na viboko, mjadala umeishia hapo. Makambako tunajivunia upepo wake, ila hauna maji chini. Na kikubwa kuliko vyote, huku kwetu sijaona shule. Kununua kaiti iliyotumika mtandaoni ukajifundishe mwenyewe kwa video ni jambo ninalokuomba usilifanye. Kaiti ya mita za mraba 12 ikishika upepo wa kati vibaya inakunyanyua na kukubamiza chini kabla hujajua umekosea nini.

Paje inafaa kwa sababu ambazo ukizielewa utajua pia cha kuiuliza shule. Ufuo unatazama mashariki. Kusi, kuanzia kama Juni mpaka Septemba, linatoka kusini-mashariki. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Februari na kuingia Machi, inatoka kaskazini-mashariki. Misimu yote miwili upepo unakuja kwa pembeni ukielekea kidogo nchi kavu. Maana yake, ukishindwa kila kitu, unasukumwa kandokando ya ufuo na kurudishwa mchangani. Upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini unakupeleka kusikojulikana, na mwalimu mwenye akili hafundishi mtu siku hiyo. Mbele kuna miamba ya matumbawe inayovunja mawimbi, ndani yake maji yametulia na sehemu kubwa unasimama kwa miguu. Miezi ya masika na ya vuli upepo haueleweki. Shule ikikuhakikishia upepo mwezi wa Aprili ili ulipe kianzio, achana nayo.

Kitu ambacho sisi wa milimani hatukijui kabisa ni kujaa na kupwa. Ziwa halikutufundisha. Paje maji yakipwa wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, bahari inakwenda mbali kiasi kwamba unabaki na mchanga, majani na madimbwi, na tofauti kati ya maji makuu na maji madogo inakaribia mita 4. Maji yakijaa sana nako, ufuo unabanwa na sehemu uliyokuwa unasimama sasa ni kina. Katikati ndipo anayeanza anapojifunzia. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo na saa nzuri zinakuwa nyingi. Na kila siku saa za kujaa zinasogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo uliza hivi: wiki ninayokuja maji yanajaa saa ngapi, na mtanifundisha saa ngapi? Shule inayojua kazi yake inakujibu palepale, au inasema subiri nitazame jedwali. Ikikujibu "usijali, kila siku saa tatu asubuhi", imekuuzia saa ambazo siku nyingine utakuwa unatembea kwenye tope.

Ulizia na mwani. Wanawake wa Paje wanalima mwani humohumo kwenye maji ya kina kifupi, vijiti na kamba vimepangwa mistari kwa mistari, na hayo ni mashamba ya watu. Mwalimu mzuri anakuonyesha yalipo na wapi usipite, na anawasalimia wenye mashamba kwa majina. Hilo nalipa uzito mkubwa kuliko rangi ya majengo ya shule.

Sasa usalama, na hapa sitafanya haraka.

Mimi ni fundi umeme. Kwenye mfumo wa kaiti, juu kidogo ya kiuno chako, kuna kishikizo chekundu. Ukikisukuma kuelekea mbele, kaiti inapoteza nguvu na kubaki imeshikwa na kamba moja tu ya usalama. Kamba hiyo nayo ina kifyatulio chake. Ukikivuta, kaiti inaondoka moja kwa moja na wewe unabaki mzima. Hiyo ndiyo meinswichi yako. Fundi akiingia nyumba asiyoijua anaitafuta meinswichi kabla ya kugusa waya wowote, na wewe unatakiwa uijue yako kwa vidole, macho yamefumbwa, kabla kaiti haijapaa. Tangu 2020 kuna kiwango cha kimataifa cha vifaa hivyo, ISO 21853, kwa hiyo si ufidhuli kuuliza kaiti na fimbo za shule ni za mwaka gani na zinabadilishwa lini.

Shule ya kwanza niliyokwenda kuangalia nilimkuta kijana anapewa kaiti kubwa muda mfupi baada ya kujaza fomu. Kofia yake ngumu ilikuwa imevunjika kifungo, ukanda umefungwa fundo chini ya kidevu. Nikauliza mwanafunzi anafundishwa saa ngapi kukifyatua kile kishikizo. Nikajibiwa, "Utaonyeshwa majini." Nikashukuru, nikaaga.

Mwalimu niliyejifunza kwake baadaye alianza nchi kavu, bila kaiti. Nivae mkanda, nifyatue, niunganishe tena. Mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Kisha akazishika kamba mwenyewe na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote, anivute kweli, ndipo akasema fyatua. Alitaka mkono wangu ujue kifaa kinavyokuwa kigumu kamba zikiwa zimekaza, kwa sababu hapo ndipo kitahitajika. Halafu akatandaza kamba zote mchangani na kutembea nazo moja moja, kamba ikipita katikati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama mtu anayesoma. Kwenye moja akasimama. Kulikuwa na kifundo kidogo sana ambacho mimi nilikuwa nimekipita. Kifundo kinaidhoofisha kamba, akaniambia, na kamba ikikatika upande mmoja kaiti inazunguka ovyo. Akatoa nyingine kwenye begi. Hakuna picha ya mtandaoni itakayokuonyesha jambo hilo, lakini unaweza kuliuliza kwa simu: kamba mnazikagua lini, na nani anazikagua?

Halafu lugha. Nashangaa watu wanavyolipita hili. Paje masomo mengi yanaendeshwa kwa Kiingereza, na kuna walimu kutoka nchi nyingi. Wapo pia walimu Wazanzibari wenye vyeti, waliokulia kwenye maji yaleyale. Mtu anayeanza, kaiti ikimvuta kwa nguvu, mwili wake unamwambia avute fimbo ajishikilie. Kuvuta kunaongeza nguvu. Dawa ni kuiachia. Una nukta moja ya kusikia na kutii, na katika nukta hiyo ubongo hautafsiri. Mwalimu wangu alikuwa na neno moja: "Achia!" Nililisikia kupitia redio ndogo iliyofungwa kwenye kofia, mikono ikafunguka kabla sijafikiri. Kwa hiyo omba mwalimu wa Kiswahili, omba kwa jina kama unalijua, na usikubali kuambiwa utampata ukifika. Hata kama Kiingereza chako ni kizuri ofisini, ukishameza maji ya chumvi ni habari nyingine.

Kuhusu vyeti: shirika kubwa linalotoa mafunzo kwa walimu ni IKO, lipo tangu 2001, na liko la Wajerumani linaloitwa VDWS. Mwalimu ana namba na kadi. Mimi mteja akiniomba leseni yangu ya EWURA namwonyesha, wala sinuni. Mwalimu wa kaiti naye asinune. Cheti peke yake hakimfanyi mtu kuwa mwalimu mzuri, ila kinakupa na wewe kitu cha kuondoka nacho: kadi ya mwanafunzi inayoonyesha umefika ngazi gani. Likizo ikiisha kabla hujasimama kwenye ubao, mwakani unaendelea ulipoishia, hata shule nyingine. Kwetu sisi wa kuja mara moja kwa mwaka hilo ni jambo kubwa.

Mwalimu mmoja na wanafunzi wawili, zaidi ya hapo nisingelipa. Uliza pia kama kuna boti yenye injini ya kumfuata mtu, na bima inamgusa nani.

Kuogelea, jamani. Baadhi ya shule zinakubali asiyejua kwa sababu maji ni mafupi na una koti la kuelea. Mimi siafiki. Kuna somo la kuburutwa na kaiti majini bila ubao, unakwenda kwa tumbo na kurudi kuutafuta ubao uliokuacha, na mtu anayeogopa maji kwenye uso hawezi kulifuata. Pesa yote inaishia kwenye woga. Mbeya kuna hoteli zenye bwawa. Julai maji yana baridi inayouma mifupa, lakini mita 50 bila kusimama zinapatikana ukizitafuta kwa bidii. Kisha nenda Matema ukazoee maji ambayo hayana ukuta.

La mwisho ni namna ya kulipa. Kwa kawaida mtu anahitaji saa 9 mpaka 12 za mafunzo ndipo aanze kusimama na kwenda mita kadhaa mwenyewe, na wengine zaidi. Lipia saa, usilipie siku, na ukubaliane kwamba saa inahesabiwa upepo ukiwepo. Upepo wa kuanzia ni wa kasi ya kama noti 12 mpaka 20, yaani karibu kilomita 22 mpaka 37 kwa saa. Chini ya hapo kaiti haikai juu, juu ya hapo hujifunzi, unapambana. Mwalimu akitazama wingu jeusi na kusema tushushe kaiti, saa iliyobaki iwe yako. Shule isiyorudisha saa hizo inamlazimisha mwalimu wake akufundishe hata siku ambayo moyo wake unamwambia hapana, na wewe ndiye utakayekuwa mwishoni mwa kamba. Bei ukitajiwa kwa dola, omba utajiwe kwa shilingi, kwa maandishi.

Binamu yangu wa Tukuyu anakwenda Agosti, wiki ya maji mafu. Maswali haya ameyatuma kwa WhatsApp kwenye shule kadhaa. Moja ilimrudishia orodha ya bei na picha ya machweo. Nyingine ikasema karibu sana, kila kitu kipo, tuma kianzio. Ya tatu ilikaa kimya mpaka usiku, halafu ikaandika: "Samahani dada, tulikuwa majini. Wajua kuogelea? Una kilo ngapi? Na upepo ukikosa siku mbili, waweza kubaki, au turudishe pesa za saa zilizobaki?" Ameweka nafasi hapo.