Jioni Moja Kilabuni, Old Moshi

Daladala iliyonipandisha kutoka Kiboriloni ilijaa magunia ya mitumba kuliko watu, nami nilisafiri nimepakata begi langu pamoja na kuku wa mama mmoja aliyeniomba nimshikie kidogo, kidogo iliyodumu mpaka aliposhuka. Nilikuwa natoka Tanga kumtembelea rafiki niliyesoma naye, ambaye kwa miaka alinieleza kwamba baa za Moshi mjini, kwa nyama choma na muziki wake, hazina tofauti na za kwetu, na kwamba nikitaka kuwajua watu wa kwao nipande mlimani Kilimanjaro nikakae kilabuni, kwenye pombe ya kienyeji. Barabara ilipanda, joto likapungua, na migomba iliyochanganyika na mibuni ikaziba nyumba mpaka nikawa naona mabati tu.

Tulikwenda saa kumi jioni. Kilabu chenyewe ni banda la mbao lenye mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya vizazi, na nyuma yake kuna jiko ambalo mama mwenye pombe aliniruhusu kuingia baada ya kujiridhisha kwamba sikuja kutoza ushuru. Alinieleza kazi yake bila haraka. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Magome ya msesewe huchemshwa ili yatoe uchungu. Ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji, nao ukishapoa huchanganywa na maji ya zile ndizi yaliyochujwa. Kesho yake mbege, ndiyo pombe yenyewe, inanyweka, lakini haivumilii kukaa, maana baada ya siku chache uchachu huishinda. Ndiyo sababu akina mama wa kijiji hicho hupika kwa zamu, na mtu akitoka shambani haulizi kama pombe ipo, bali huuliza leo ni kwa nani. Nilimuuliza fedha inakwenda wapi, akacheka, akanionyesha sare ya shule iliyoanikwa kambani.

Rafiki yangu aliponiambia nisubiri kata, nilidhani anazungumzia ofisi ya serikali. Kumbe ni kibuyu kilichokatwa kikabaki na mpini, nacho kilimfikia kwanza mzee kuliko wote, baada ya mama kuonja mbele ya macho yetu. Kiliponifikia nilikuta chenga za ulezi zikielea juu kama povu zito. Nilizipuliza kando, nikanywa, na utamu wa ndizi ukatangulia kabla uchungu wa msesewe haujanikaba kooni. Sikuipenda kata ya kwanza. Ya tatu sikuihesabu.

Mzee aliyekaa kando yangu, ambaye wote walimwita Meku, alinisimulia habari za Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa huko, aliyenyongwa na Wajerumani hapo hapo Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na za kichwa chake ambacho wazao wake wameendelea kukitafuta hadi Ujerumani. Alisimulia kwa hasira ya mtu aliyefiwa wiki iliyopita, na vijana waliokuwa wakibishana juu ya mpira wakanyamaza wenyewe.

Kabla giza halijaingia alifika kijana mmoja ameshika jani la isale, na nyuma yake mdogo wake amebeba ndoo ya mbege iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Rafiki yangu alininong'oneza kwamba kijana huyo alikuwa amegeuza maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, usiku, zamu ikiwa ya jirani yake, na mboga za jirani zikakauka. Kule uchagani anayeombwa radhi kwa isale ni vigumu kukataa. Jirani, aliyekuwa kwenye benchi la mwisho, aliliangalia lile jani muda mrefu kiasi cha kunitia wasiwasi mimi mgeni, kisha akalipokea. Meku aliuliza maswali mawili ya Kichagga, yakajibiwa, ndoo ikafunuliwa. Hakuna karatasi iliyoandikwa, ingawa watu wapatao thelathini walikuwa wameshuhudia, na nadhani hilo lilimbana kijana kuliko mhuri wowote.

Nilipokumbuka daladala, ya mwisho ilikuwa imeshateremka zamani. Tulirudi kwa tochi ya simu, tukifuata sauti ya maji ya mfongo, na mbele yetu wale wawili wagomvi walikuwa wakibishana kwa sauti ya juu nani alimwagia mwenzake mbege kwenye shati.