Bwawa la mafuriko linatakiwa likae tupu jamani

Kila nikisema hili kijiweni watu wananiangalia kama nimeamka vibaya: bwawa la kuzuia mafuriko likiwa tupu ndo linafanya kazi. Likijaa mpaka juu, ng'ombe wanakunywa, watoto wanaogelea, diwani anapiga picha, basi kwa upande wa mafuriko hamna kitu hapo, maana mvua kubwa ikishuka usiku huo maji mapya yanaenda kukaa wapi?

Chukua Kidete, wilaya ya Kilosa kule Morogoro. Aliyewahi kupanda treni ya reli ya kati analijua lile bonde, kuanzia Kilosa kupanda Kidete mpaka Gulwe reli na mto vinafuatana muda wote, mara mto uko kulia, mara daraja, mara uko kushoto. Mjerumani alianza hiyo reli Dar mwaka 1905 akafika Kigoma 1914 na pale alifuata bonde kwa sababu treni haipendi mlima, sasa bonde lenyewe ni njia ya maji yote yanayotoka Dodoma, mto ukiwa kule juu unaitwa Kinyasungwe, ukishuka unaitwa Mkondoa, mbele huko ndo Wami unaomwaga baharini. Kiangazi unavuka mchanga mtupu na viatu vyako, mvua zikianza unaona magogo yanapita.

Bwawa la Kidete kazi yake ilikuwa kupunguza makali ya hayo maji kabla hayajafika kwenye reli na Kilosa mjini. Mvua za mwishoni mwa 2009 kuingia Januari 2010 zikawa kubwa kuliko uwezo, bwawa likabomoka, na kingo za Mkondoa pale Kilosa nazo zikaachia. Maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema na treni za reli ya kati zikasimama kwa miezi.

Sasa watu wengi wanadhani bwawa la aina hii linazuia maji. Halizuii, linayachelewesha tu. Chini ya tuta kuna bomba au kalvati ambayo muda wote iko wazi na inatoa maji kiasi ambacho mto wa chini unaweza kubeba, yakija mengi kuliko hapo yanasubiri nyuma ya tuta, halafu kwa siku kadhaa yanaisha taratibu. Yakizidi na hapo yanatokea kwenye utoro, ule mfereji mpana wa pembeni. Hiyo ndo roho ya bwawa la udongo kwa sababu tuta la udongo hata lishindiliwe vipi maji yakianza kupita juu yake yanakata upande wa nyuma, kinaanza kijifereji cha upana wa jembe na baada ya muda mfupi hakuna bwawa tena.

Na utoro ndo sehemu tunayoionea kuliko zote! Nimeona mahali watu wameupanga mawe na viroba vya mchanga ili bwawa "lishike" maji zaidi, sababu wanataka samaki na maji ya mifugo mpaka Oktoba. Siwalaumu sana aisee, mtu anayeteka maji kilomita kadhaa huwezi kumwambia ayaache yapite eti ya kumlinda mtu wa mji wa chini asiyemjua. Lakini pale tutani palikuwa na kitu kingine kilichonitisha zaidi, njia ya ng'ombe. Inakatiza juu ya tuta sehemu moja ile ile kila siku, kwato zimekwangua udongo mpaka pamekuwa na bonde dogo, ukisimama ndani yake kingo zinakufika magotini. Kwahiyo tuta zima liko juu isipokuwa hapo, na maji hayahitaji barua ya kuelekezwa pa kupita. Pembeni kuna kichuguu, na mgunga umeota upande wa nyuma, siku ukikatwa mizizi ikaoza inaacha mirija ndani ya tuta.

Halafu kuna tope. Udongo wa Dodoma ukikosa majani unahama wote, wataalamu walishapima haya mambo kwenye mabwawa ya huko, Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi na matokeo yakatoka 1972, mabwawa yalikuwa yanajaa udongo kwa kasi ya ajabu, na mwaka uliofuata ukaanza mradi wa HADO wa hifadhi ardhi. Yaani tunajua miaka yote hiyo. Bwawa la mafuriko lililojaa tope ni sawa na lililojaa maji, tena bora maji, yana pa kutokea.

Wenzetu Kenya wameonja kwa namna mbili. Solai, Nakuru, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo lililokuwa la kilimo wala si la mafuriko lilipasuka usiku likaua watu zaidi ya 40. Halafu Mai Mahiu, Aprili 2024, mwanzoni kila mtu alisema bwawa limepasuka, baadae serikali ikaeleza kwamba ni kalvati ya chini ya tuta la reli iliziba kwa magogo na mawe, maji yakajikusanya nyuma mpaka tuta likaachia. Sasa piga hesabu reli ya kati ina matuta na kalvati ngapi kati ya Kilosa na Gulwe, kila moja ikiziba ni bwawa ambalo hakuna injinia aliyelichora.

Kuna mpango wa kujenga mabwawa ya kulinda reli, Kidete, Kimagai na Msagali, na mimi nauunga mkono. Ila mkandarasi akishaondoka greda zake nani anafyeka tuta, nani anazibua kalvati kabla ya Novemba, nani analipwa kuchota tope? Na pembeni mbali na tuta wafugaji wachimbiwe lambo la mifugo na wajengewe njia ya ng'ombe ya kueleweka, tena iingie kwenye bajeti ile ile ya bwawa, isiachwe kuwa ahadi ya kampeni. Bila hivyo wafugaji watauziba utoro mwaka wa kwanza tu, na mimi ningekuwa mfugaji ningeuziba pia.